Nani Kasema Sigara Hupunguza Mawazo?

Muulize mchimbaji dhahabu wa Salamabila, huko Kabambare mashariki mwa Kongo, kwa nini anavuta. Hatasema ni utamu. Atasema: mawazo. Na mawazo anayo kweli. Kabambare imepitia miaka ya vikundi vya silaha, vijiji kuhamwa usiku, watu kulala porini na watoto mgongoni. Kasongo, jirani yake, imewapokea wengi waliokimbia. Uzito wa mzigo huo sibishani nao. Ninabishana na maneno machache yanayozunguka barazani, kwa muuza sigara moja moja, na hata kwenye foleni ya kituo cha afya.

La kwanza ndilo mzazi wa mengine: eti sigara hupunguza mawazo. Mvutaji halitungi, ameliona mwenyewe. Amevuta, mabega yameshuka, ametulia. Nani atamwambia hakutulia? Basi tumfuate tangu alfajiri. Ameamka, bado hajanawa uso, mkono unapapasa chini ya mkeka kutafuta pakiti. Usiku kucha hakuvuta. Nikotini hufika kwenye ubongo kwa sekunde chache tu, na baada ya saa mbili hivi nusu yake imeshatoka kwenye damu. Ikipungua, mwili unadai: vidole havitulii, neno dogo la mke linakera, kichwa hakishiki kazi. Vijana wa Mombasa na Dar es Salaam wana jina la hali hiyo, wanaiita arosto. Akiwasha, arosto inakatika, naye anaamini kilichomtoka ni vita, deni na msiba. Kumbe kilichomtoka ni njaa aliyoachiwa na sigara ya jana. Mawazo yake yako palepale alipoyaacha, na saa mbili baadaye njaa itarudi kuungana nayo.

Mwaka 2014 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi wa tafiti 26 zilizopima hali ya wavutaji kabla na baada. Walioacha walipungukiwa na wasiwasi, huzuni na msongo kuliko walioendelea kuvuta. Ilikuwa hivyo hata kwa wale waliokuwa na ugonjwa wa akili.

Hapo linakuja neno la pili: "Huyo kichwa chake si kizuri, akiacha atarukwa kabisa." Hili lina punje ya ukweli, na ni vema tuitoe. Mtu mwenye sonona huacha kwa taabu zaidi, na hurudia zaidi. Siku za mwanzo ni chungu: usingizi unakatika, hasira iko karibu, moyo unazama. Kwa kawaida ukali huo hufika kileleni ndani ya siku chache na kulegea kati ya wiki mbili na nne. Tatizo ni kwamba jamaa wakiuona siku ya tatu wanasema ugonjwa umerudi, na wao wenyewe wanamnunulia pakiti. Lakini kuacha si kurukwa na akili. Mwaka 2016 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa lililohusisha wavutaji zaidi ya 8,000, karibu nusu yao wakiwa na historia ya maradhi ya akili. Walipewa vidonge vya vareniklini au bupropioni, vibandiko vya nikotini, au kidonge kisicho na dawa. Dawa hizo hazikuonyesha kuleta machafuko ya akili zaidi kuliko kidonge kisicho na dawa, kwa kiwango cha kutia shaka.

Punje nyingine ya ukweli iko kwenye dawa za akili zenyewe. Moshi wa tumbaku, si nikotini, huliharakisha ini kuvunja baadhi ya dawa hizo, hasa klozapini na olanzapini. Anayeacha sigara ghafla, dawa inaweza kumzidi mwilini ndani ya wiki moja hivi: anasinzia, anayumba. Hiyo ni sababu ya kumwambia muuguzi ili apime upya kipimo cha dawa. Si sababu ya kuendelea kuvuta.

Neno la tatu linanikera kuliko yote, kwa kuwa linavaa nguo za huruma: "Mwacheni maskini, ndiyo starehe yake pekee." Wenye maradhi makali ya akili hufa miaka 10 hadi 20 kabla ya wenzao, na wengi hawauawi na wazimu, wanauawa na moyo, mapafu na magonjwa mengine ya mwili. Moshi huchangia mengi ya hayo, na pia huongeza hatari ya kifua kikuu. Tena hadithi kwamba wagonjwa hao wanajitibu kwa sigara haikukua yenyewe: nyaraka za kampuni za tumbaku zilipowekwa wazi Marekani, zilionyesha kampuni zikifadhili tafiti za kuipa nguvu.

Neno la nne: "Huku hakuna dawa." Karibu kweli. Shirika la Afya Duniani liliviweka vibandiko na ubani wa kutafuna wenye nikotini kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, na Kongo ilijiunga na mkataba wa kudhibiti tumbaku mwaka 2005, lakini usitegemee kuvikuta kwenye duka la dawa la kijijini. Hata hivyo muuguzi ana kalamu. Aandike kwenye fishi, yaani kadi ya matibabu, mgonjwa anavuta ngapi, ya kwanza saa ngapi, usingizi ukoje. Wapange pamoja siku ya kuacha. Amwite tena baada ya wiki. Na sonona itibiwe sambamba, isisubiri.

Linabaki la "mimi siwezi". Kasongo ina Waislamu wengi tangu enzi za mfanyabiashara Tippu Tip, na kila Ramadhani wavutaji wao hukaa saa kumi na tatu hivi bila moshi, wakiwa na mawazo yaleyale na madeni yaleyale. Wanaohangaika zaidi utawajua alasiri, wanavyokaripia watoto. Magharibi ikiadhiniwa, tende moja, funda la maji, kisha kibiriti, uji bado haujapoa. Mtu huyo ameshajua kukaa mchana bila moshi. Kazi iliyobaki ni ya baada ya futari, pale barazani kwenye kahawa, ambapo pakiti hupita mkono kwa mkono na rafiki anamwambia, "Muzee, chukua."