Paint Yatosha: Hariri Picha Zako Mwenyewe

Leo sina simu mpya wala lugha mpya ya kuandikia programu. Nataka tuzungumzie kitu ambacho wengi wenu mnakidharau, ilhali kimo ndani ya tarakilishi zenu tangu siku mlipozinunua: Paint.

Mtu akiambiwa picha ya kitambulisho chake ni kubwa mno kwa ombi la kazi, hufanya nini? Wengine hukimbilia saiba na kumwachia kijana wa pale kila kitu. Wengine huipakia kwenye tovuti ya kwanza wanayoiona. Wengine nao husaka Photoshop ya wizi. Kwa maoni yangu, njia zote tatu ni ghali kuliko zinavyoonekana.

Kitambulisho kina jina lako, nambari yako, tarehe yako ya kuzaliwa na sura yako. Ukikiacha kwenye diski ya saiba, anayekalia kiti hicho baada yako anaweza kukifungua. Ukikipakia kwenye tovuti usiyoijua, nakala inaweza kubaki huko. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, tena ni sheria nzuri, lakini itakusaidiaje kudai nakala usiyojua iko kwa nani? Na Photoshop ya wizi ndiyo mbaya zaidi: unapoisakinisha unampa mtu usiyemfahamu ruhusa ya kufanya atakalo ndani ya mashine yako. Mnajua virusi vinatoka wapi!

Na yote hayo kwa kazi ya dakika moja. Tupige hesabu. Simu ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000, yaani pikseli milioni 12. Ifungue kwa Paint, bonyeza Ctrl na W, chagua pikseli, kisha andika 800 kwenye upana. Urefu utajipanga wenyewe kuwa 600, mradi uwiano umefungwa. Sasa una pikseli 480,000, sehemu moja tu ya 25. Ihifadhi kama JPEG, kwa jina jipya ili ile ya awali ibaki salama. Kukata kingo? Zungushia eneo unalotaka, bonyeza Ctrl, Shift na X. Basi! Wenye Mac mna Preview, inafanya kazi hizo hizo. Picha ikiwa na giza, Photos ya Windows itaiongezea mwanga.

Ukitaka kuficha nambari, funika kwa mstatili uliojazwa rangi nyeusi kabisa. Usipake rangi hafifu, kwa sababu kilicho chini yake kinaweza kusomeka mtu akiongeza mwanga. Na ule ushauri wa jina jipya si wa bure. Mwaka 2023 iligunduliwa kwamba programu ya Windows 11 ya kunasa picha za skrini, ukikata picha na kuihifadhi juu ya faili lile lile, iliacha ndani ya faili sehemu za kile ulichokata. Microsoft ilirekebisha mwezi huo huo wa Machi, lakini picha zilizokwisha kutumwa hazikujirekebisha.

Najua wapo watakaosema Paint ni ya watoto. Watoto gani? Imekuwepo tangu Windows ya kwanza kabisa, mwaka 1985. Mwaka 2017 Microsoft ilipodokeza kwamba siku zake zinahesabika, watu walipiga kelele hadi kampuni ikasema itaendelea kupatikana. Mwaka 2023 ikaongezewa tabaka na uwezo wa kuondoa mandhari ya nyuma, mambo ambayo zamani yaliwapeleka watu kwa Photoshop.

Sisemi Photoshop haina kazi. Mbunifu anayetengeneza mabango ainunue, inamlipa. Asiyeweza kuinunua atumie GIMP, ni ya bure na halali. Lakini wewe unayetaka kupunguza picha moja, huna haja ya kumkabidhi mtu mwingine utambulisho wako. Kufungua barua pepe ulijifunza, kutuma pesa kwa simu ulijifunza. Na hili lijifunze, kisha umfundishe mzazi wako.