Fomu Isiyokagua Uzito wa Mtoto
Mtoto wa kilo 8.5 akiingizwa kwenye kompyuta kama kilo 85, dozi inayokokotolewa kwa uzito huongezeka mara kumi. Anayeunda fomu kwa Tkinter, maktaba ya madirisha ya lugha ya Python, huweza kutumia Spinbox, kisanduku chenye vishale vya kupandisha na kushusha namba. Mipaka yake hubana vishale tu. Namba iliyochapwa kwa kibodi hupita, isipokuwa mwandishi wa programu ameongeza ukaguzi. Dirisha la askfloat, likipewa kima cha chini na cha juu, hukataa na kuuliza upya (kwa Kiingereza, kwa bahati mbaya). Fomu isiyokagua haistahili kuingia kliniki ya watoto wadogo, hata ikipendeza macho. Muuguzi aijaribu kwa 85 kabla ya kuipokea, na mzazi aombe kuoneshwa uzito ulioandikwa.