Huyu Binti Ataondoka

Mwezi huu sina barua ya msomaji ya kujibu. Nina yangu mwenyewe, na kabla ya kuiandika nilimwomba ruhusa mume wangu. Kasema andika tu, ila usinichafue sana. Nitajitahidi.

Mimi na yeye tuna studio ndogo Mwanza. Tunapiga picha na video za harusi, kipaimara na mahafali. Yeye anashika kamera, mimi naediti, napokea wateja na kudai madeni. Ni miaka minane sasa. Watu wanatusifia, "Nyie mnaendana!" Ni kweli, tunaendana. Lakini kwa miezi sita nilikuwa na neno limenikaa kooni: nilitaka kutoka studio nianzishe kazi yangu ya kupamba kumbi. Fremu nilishaiona, hesabu nilishapiga. Kumwambia sasa, ndiyo ikawa kazi. Kila nikitaka kufungua mdomo namkumbuka anavyonitambulisha kwa wateja, "Huyu ndiye studio yenyewe," basi naufunga.

Nikiwa katika hali hiyo ndiyo tukapanda basi kwenda Ntobeye, kwa wazazi wake.

Flashi ya zilipendwa

Kwa asiyepajua, Ntobeye ni kata ya wilaya ya Ngara, kule Kagera inakopakana na Burundi na Rwanda. Ni nchi ya vilima, migomba na kahawa, na jioni yake inataka sweta. Tulipomaliza kula ndizi na maharage, mume wangu akachomeka flashi kwenye televisheni ya sola. Alikuwa amemkusanyia baba yake video za zamani, za watu wanaoimba wawili wawili kwenye vipindi vya burudani. Majirani wawili watatu wakaingia, watoto wakakaa chini.

Ya kwanza ilikuwa ya Tabu Ley Rochereau na Mbilia Bel, picha za televisheni ya Zaire za miaka ya 1980. Baba mkwe akaweka kikombe chini. "Ndiyo hawa?"

Uelewe jambo moja. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini sisi wa Bara tulisubiri mpaka 1994. Watu wa umri wake waliucheza muziki huu kwa redio ya betri. Sauti za hawa wawili anazijua kwa miaka arobaini, sura ndiyo anaziona leo. "Mimi nilidhani Tabu Ley ni jitu," akasema, "kumbe mtu wa kawaida kabisa!"

Watoto walicheka mavazi. Wifi yangu akasema, "Jamani, hawa wanapendana." Mama mkwe, ambaye Kihangaza kinamtoka vizuri kuliko Kiswahili, alitazama kimya mpaka katikati ya wimbo, kisha akasema taratibu, "Huyu baba hamwangalii mwenzake. Anatuangalia sisi, kama anauliza: mmemwona wangu?"

Nikawaeleza ninayoyajua. Mbilia Bel aliingia bendi ya Afrisa ya Tabu Ley mwaka 1981, akawa nyota Afrika nzima, akawa pia mke wa kiongozi wake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 akaondoka, akaendelea na muziki bila yeye.

Baba mkwe akatikisa kichwa. "Bendi na nyumba, vyote chungu kimoja. Kikipasuka mnalala njaa wote."

Mimi huyo, nikajifanya nakusanya vikombe.

Bwana wa suti inayometa

Video ya pili ilikuwa ya Wamarekani, Porter Wagoner na Dolly Parton. Dolly walimjua, maana nyimbo zake zimepigwa sana redioni kwetu. Porter hakuna aliyewahi kumsikia, ingawa enzi hizo yeye ndiye aliyekuwa mwenye kipindi. Ni bwana mrefu, suti yake imedariziwa magurudumu ya mkokoteni na kujazwa vito vinavyometa. Pembeni yake binti mfupi, nywele za dhahabu zimepanda juu kama kichuguu. Wifi alicheka mpaka akashika mbavu.

Kiingereza cha wimbo waliacha kipite, wakabaki na nyuso. Na nikwambie, mtu asiyefuata maneno huona mengi.

"Ni baba yake?" akauliza mtoto mmoja.

"Mume wake," akajibu wifi.

"Bosi wake," akasema baba mkwe. "Angalia anavyosimama."

Mama mkwe akasema, "Huyu binti ataondoka."

"Umejuaje, mama?" mume wangu akamuuliza.

"Sauti yake haienei humo. Anaibana ili imtoshe mwenzake."

Mpenzi msomaji, nywele zilinisimama. Kwenye kioo wote wawili walikuwa wanatabasamu!

Ikabidi niwasimulie. Dolly aliingia kwenye kipindi hicho mwaka 1967 akiwa na miaka 21, kuchukua nafasi ya mwimbaji aliyeitwa Norma Jean. Watazamaji hawakumtaka. Mwanzoni alikuwa akipanda jukwaani watu wanapaza sauti kumwita Norma Jean. Porter akaanza kuimba naye wawili, ndipo wakamkubali, na mwaka 1970 na 1971 wakapewa tuzo ya chama cha muziki wa country kama wawili bora. Mke na mume hawakuwa. Dolly alikuwa na mumewe tangu 1966. Hawa walikuwa wa kazi tu, lakini kazi nayo ina ndoa yake.

Miaka ikapita saba. Binti akataka kwenda kivyake, bwana hataki, kila siku mabishano. Mwisho Dolly akakaa chini akatunga wimbo wa kuaga, akaenda ofisini kwake akamwimbia. Mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba Porter alilia, akakubali aende. Wimbo ukatoka mwaka 1974. Unaitwa "I Will Always Love You", ndio huo ambao Whitney Houston aliuimba tena mwaka 1992 kwenye filamu ya *The Bodyguard*.

"Eti ule wa harusini?" wifi akaruka.

Ule ule. Sijui nimeuweka kwenye video za maharusi wangapi, bibi harusi anaingia ukumbini polepole, kumbe ni wimbo wa mtu anayeacha kazi!

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Baba mkwe alikuwa upande wa Porter. "Amemtoa mbali, amemwonyesha kwa watu, halafu anakwenda zake?"

"Hata mimi ningelia," akasema mume wangu, macho kwenye kioo.

"Kulia alie," akasema mama mkwe. "Mlango alimfungulia?"

Nikasema alimfungulia, ila haukufunguka wote. Mwaka 1979 Porter alimfungulia kesi ya madai, wakaja kumalizana nje ya mahakama. Walipatana. Mwaka 2007, Porter alipotimiza miaka 50 kwenye jukwaa la Grand Ole Opry kule Nashville, Dolly alikuja kumwimbia. Oktoba mwaka huo huo mzee akafariki.

Chumba kikawa kimya. Jirani mmoja akaaga.

Nje, kwenye baridi

Tulitoka kumsindikiza. Tulipokuwa tunarudi, mume wangu akauliza bila kugeuka, "Sisi ni miaka mingapi? Minane?"

"Minane."

"Unataka kuondoka."

Wala hakuwa anauliza. Nikamwambia yote pale njiani, fremu, hesabu, miezi sita. Nilitegemea atakasirikia fremu. Alikasirikia miezi. "Miezi sita unakaa pembeni yangu unaediti, na mimi nakuona uko pale pale!"

"Sikutaka uone kama nakuacha."

"Sasa nimeonaje?"

Sikuwa na jibu. Tukasimama. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Na jioni?"

"Jioni nini?"

"Ukitoka kwenye mapambo yako. Jioni unarudi wapi?"

Kidogo nicheke, kidogo nilie. Mwanamume mzima na ndevu zake alikuwa ananiuliza kama nitarudi nyumbani. "Nyumbani bwana! Natoka studio, sitoki kwako."

Nisikudanganye kwamba tulimaliza usiku ule. Siku ya kurudi tulikaa kwenye basi kama abiria wasiojuana mpaka tukaingia wilaya ya Biharamulo. Ndipo akauliza, "Sasa madeni atadai nani?" Nikajua tumeanza kuongea. Tumekubaliana nimfundishe kijana mmoja mpaka mwisho wa mwaka. Bado kuna siku ananuna. Anasema kijana anaediti kama anakata nyama.

Kwako wewe

Wengi wenu mnafanya kazi na wenzi wenu. Duka moja, ofisi moja, akaunti moja. Si vibaya, ila msisahau kwamba mmeshika vitu viwili. Sonny na Cher walikuwa mke na mume na walikuwa na kipindi chao cha televisheni Marekani. Wakatalikiana mwaka 1975, na mwaka uliofuata wakarudi kwenye televisheni wakiimba pamoja kama kawaida! Kumbe kazi inaweza kubaki nyumba ikiwa imekufa. Na mimi naamini nyumba inaweza kubaki hata kazi ya pamoja ikiisha, mradi mwenzako asibaki anajiuliza ni kipi kati ya viwili unachokiacha.

Kwa hiyo kama una neno kooni, usisubiri mwezi wa sita kama mimi. Mwambie mkiwa wawili, kabla ya wakwe na kabla ya mahakama. Anza na kile usichokiacha, kisha utaje unachokiacha. Na wewe unayeambiwa, umia, lia kama Porter, ni haki yako. Lakini ule mlango ufungue wote.

Mama mkwe alipotuaga alinishika mkono muda mrefu. "Ile sauti yako," akasema, "siku hizi unaibana sana." Sikumbuki kama nilijibu kitu.

Tukutane mwezi ujao. Mpendane.