Amplifaya ya valvu ianzie kwa fundi bati

Kilwa inayosemwa hapa si ile ya magofu ya Kisiwani, mkoani Lindi. Ni Kilwa ya Haut-Katanga nchini Kongo, bandari ya Ziwa Mweru katika wilaya ya Pweto. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, makinikia ya shaba na fedha kutoka mgodi wa Dikulushi yalipakiwa hapo kwenye tishali, yakavushwa hadi Nchelenge upande wa Zambia, kisha yakasafirishwa kwenda kuyeyushwa nje ya nchi. Mji ambao madini yamepita mbele ya macho yake namna hiyo hauna sababu ya kuagiza sanduku la chuma la amplifaya kutoka ng'ambo.

Sanduku hilo ndilo linalowakwamisha wengi. Anayetaka kujiundia amplifaya ya valvu, zile taa za kioo ambazo mafundi wa Kongo huziita kwa Kifaransa lampe, hukusanya valvu, rezista na kapasita kidogo kidogo, nyingine akizichomoa kwenye redio za zamani. Akifika kwenye chasisi, yaani kiunzi cha bati kinachobeba kila kitu, anakwama. Zinazouzwa tayari ni ghali, na nauli huzidisha bei. Wapo wanaokata tamaa, na wapo wanaopigilia kila kitu kwenye ubao.

Ubao ni kosa. Chasisi ina kazi nne: kubeba uzito wa transfoma, kuzuia mvumo usiingie kwenye sauti, kupunguza joto, na kumlinda mtu. Hiyo ya mwisho ndiyo kubwa. Ndani ya amplifaya ndogo ya valvu mna umeme wa volti 250 hadi 300, na kapasita huendelea kuuhifadhi hata baada ya swichi kuzimwa. Chasisi ya chuma iliyofungwa waya wa ardhi huupa umeme uliotoroka njia ya kupita, na fyuzi inakatika. Ubao haufanyi hivyo.

Lakini hakuna kanuni inayosema chasisi lazima itoke kiwandani. Mafundi wa duka la ngoma la Jim Marshall, magharibi mwa London, walipoanza kuunda amplifaya mwaka 1962, chasisi zao za mwanzo zilikuwa bati la alumini lililokunjwa. Baadaye walihamia chuma, kwa kuwa alumini ile laini ilikuwa ikibonyea chini ya transfoma. Kongo nayo ina mfano wake. Mawangu Mingiedi, mwanzilishi wa kundi la Konono N°1 la Kinshasa, alitaka likembe zake, zile ala za vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, zisikike katikati ya kelele za jiji. Akatengeneza maikrofoni kwa sumaku za vipuri vya magari. Mwaka 2004 albamu yao, Congotronics, iliusikilizisha ulimwengu sauti hiyo ya kukwaruza.

Basi tuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Chasisi ya sentimita 30 kwa 20, yenye kimo cha sentimita 6, inatoka kwenye bati moja la sentimita 42 kwa 32. Fundi anakata mraba wa sentimita 6 katika kila kona, analibana bati kati ya vyuma viwili vya pembe, kisha anazikunja kingo kwa nyundo ya mbao. Kona hufungwa kwa ribiti. Kwa alumini ya milimita moja na nusu, kiunzi kizima hakifiki nusu kilo. Matundu ya soketi za valvu hayahitaji mashine: chora duara la milimita 22, lizungushie matundu madogo ya drili, gonga kipande cha katikati kidondoke, kisha sawazisha kwa tupa.

Bati la kuezekea halifai, maana aghalabu unene wake ni kama theluthi ya milimita, na transfoma ya kilo mbili italipinda siku hiyo hiyo. Sufuria ya alumini ya kusubu nayo humeguka chini ya drili. Kinachofaa ni chuma cha pipa la lita 200, chenye unene wa kama milimita moja, au kasha la kompyuta iliyokufa. Wafua bati wa Kamukunji, Nairobi, hukata mapipa ya namna hiyo na kuunda masanduku ya wanafunzi na majiko. Anayeweza kulifanya sanduku la shule lifunge sawasawa ameshavuka sehemu ngumu ya chasisi.

Katanga ina ziada yake, nayo ni shaba. Alumini haikubali lehemu ya kawaida. Shaba huipokea kwa urahisi. Utepe wa shaba uliofungwa kwa bolti ndani ya chasisi unakuwa njia moja safi ya ardhi, na mvumo unapungua. Katika karne ya 19 mafundi wa Bayeke wa Bunkeya walikuwa wakivuta shaba kuwa nyaya za bangili, na hadi leo Lubumbashi ina wafua shaba wanaochonga picha kwa nyundo. Kuwaomba utepe wa sentimita 25 si kuwatwisha mzigo.

Wapo watakaouliza valvu za nini wakati amplifaya za kisasa zimejaa madukani. Hoja yao ina uzito. Valvu moja ya EL84 hutumia karibu wati 5 kwa kupasha joto waya wake tu, kabla haijatoa sauti yoyote, na anayetegemea jenereta au sola atazihesabu. Kwa kuhubiria uwanjani haifai. Ila kwa kujifunza inafaa sana, kwa kuwa kila kipande kinaonekana, kinapimika na kinabadilishwa peke yake. Amplifaya ya kisasa ikiungua, mara nyingi sakiti yake nzima hutupwa.

Kwa hiyo INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya ufundi iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye tawi Lubumbashi, pamoja na shule za ufundi za Katanga, ziwape fundi bati na fundi redio mtihani mmoja: chasisi moja, yenye waya wa ardhi uliopimwa kwa mita mbele ya mwalimu. Na msomaji anayetaka kuanza wiki hii asinunue valvu kwanza. Achukue karatasi ya sentimita 42 kwa 32, achore transfoma na soketi kwa vipimo halisi, aikunje, kisha ampelekee fundi bati aliye jirani.