Goma: godoro la zamani lisiishie ziwani Kituku

Kunako Kituku, magharibi mwa mji wa Goma, ukingo wa Ziwa Kivu unafanya kazi nyingi kwa wakati mmoja. Boti na mitumbwi inashusha makala, maharagwe na ndizi. Akina mama wanauza sambaza. Wengine wanafua nguo. Hatua chache kutoka hapo, watoto wanajaza bidoni za maji ya kupeleka nyumbani, kwa kuwa si kila nyumba ina robine inayotoa maji. Basi mtu akitupa godoro, ao matela kama wengi wanavyosema, kwenye mawe ya ukingo huo, hajalitupa mbali. Amelitupa ndani ya maji ya kunywa ya jirani yake.

Anayefanya hivyo si lazima awe mtu mbaya. Takataka za jikoni zinaingia katika gunia na mwenye kuzikusanya anazibeba. Godoro haliingii katika gunia. Penye udongo laini, mtu angechimba shimo. Lakini Goma imejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo. Mwaka 2002 moto wa volkano ulipita hadi katikati ya mji. Kuchimba shimo la kutosha godoro la watu wawili hapa ni kuvunja mawe siku nzima ao zaidi. Ndiyo maana watu wanabaki na njia mbili: kulichoma ao kulitupa ziwani. Njia zote mbili zinaumiza watu.

Magodoro mengi ya leo ni ya sponji, na sponji hiyo inatokana na mafuta ya petroli. Ikichomwa inatoa moshi mzito wenye sumu, pamoja na monoksidi ya kaboni na sianidi. Katika viwanja vyetu vilivyobanana, moshi huo unaingia moja kwa moja katika chumba cha mtoto wa jirani. Ikitupwa ziwani, sponji inakatikakatika vipande vidogo na kusafiri. Maji ya Kivu yanatokea Bukavu kwa mto Ruzizi, na pale takataka zinazoletwa na ziwa zimeziba mara nyingi mitambo ya bwawa la Ruzizi ya kwanza. Kinachotupwa huku kinaweza kurudi kama umeme kukatika.

Kuna jambo zito zaidi: kipindupindu. Ugonjwa huo unajulikana vizuri Goma. Godoro lililochafuliwa na mgonjwa halipaswi kufuliwa ziwani hata mara moja, wala kupewa mtu mwingine likiwa hivyo. Familia iwaulize wauguzi waliomtunza mgonjwa namna ya kulisafisha kwa klori, ao kama ni lazima liharibiwe.

Hata hivyo, hakuna mji unaojua thamani ya godoro kuliko Goma. Januari 2025, familia zilizokimbia Minova na Sake ziliingia mjini na magodoro kichwani. Februari, kambi zilipovunjwa, Bulengo ikiwa moja yao, magodoro yakabebwa tena njiani. Aliyeona hayo hawezi kusema kwamba godoro kuukuu ni kitu bure. Swali la kwanza liwe hili: je, mtu anaweza bado kulilalia? Kama ndiyo, lianikwe juani siku kadhaa, litazamwe kwenye mishono kama lina kunguni, kisha lipewe mwenye kulala chini. Na ukweli usemwe. Kumpa mhitaji kunguni si sadaka.

Likiwa limechoka kabisa, lifunguliwe. Kitambaa kinatosha kwa matambara ya kufagilia na kupangusia. Sponji iliyo kavu na safi ikatwe: inafaa kwa mito, kwa benchi, kwa kiti cha pikipiki, na hata pale mwendesha chukudu anapowekea goti. Mafundi wa fotei wanajua kuitumia. Lenye springi lina chuma, na wanunuzi wa vyuma chakavu hawakosekani. Lakini fundi hataki sponji iliyolowa maji ya ziwa. Kwa hiyo kazi hii ifanyike nyumbani kabla mvua haijalinyeshea godoro uani.

Si haki kuwaachia wakaaji peke yao mzigo huu. Ufaransa, tangu 2013, anayenunua godoro jipya analipa kiasi kidogo juu ya bei ili la zamani likusanywe na kutengenezwa upya. Goma haihitaji kungoja kiwanda ili kuanza. Chukudu inayompelekea mteja godoro jipya inarudi tupu. Kwa nini isirudi na la zamani, hadi kwa muuzaji, na kutoka hapo hadi kwa mafundi? Viongozi wa mtaa nao wangeweza kuchagua kiwanja kimoja, mbali na maji, ambapo siku ya salongo vitu vikubwa vinapokelewa. Kukataza peke yake hakutoshi. Sashe za plastiki zilikatazwa katika Kongo yote kwa amri ya Desemba 2017, lakini bado zinaelea Kituku.

Wengine watasema kwamba katika mji uliopitia vita, kuzungumzia godoro ni mchezo. Lakini mji uliopitia vita ndio usioweza kupoteza maji yake. Anayeshuka Kituku asubuhi na bidoni hana ziwa lingine. Mwenye godoro la zamani, muuzaji wa magodoro na kiongozi wa mtaa wanakunywa pamoja naye, watake wasitake.