Matupu Nayo Yahesabiwa

Mtu akisema "kontena" pale Changamwe, Mombasa, mwache amalize anachosema. Huenda ni sanduku la chuma lililo juu ya trela. Huenda ni duka la M-Pesa lililokatwa dirisha ubavuni, au kinyozi, au stoo ya fundi asiye na godauni. Ukishuka Kipevu, kwenye kituo cha pili cha makontena kilichojengwa kwa mkopo wa Japani na awamu yake ya kwanza kukamilika 2016, kontena ni kipimo. Mwaka mzima wa bandari hupimwa kwalo, na wakubwa husifiwa kwalo.

Toleo hili linakipinga kipimo hicho, au tuseme, linapinga namna kinavyotumiwa majukwaani. Mwaka 2024 Mombasa ilivuka makontena milioni 2, makofi yakapigwa. Hesabu hiyo hufuata ukubwa wa futi 20, kwa hiyo la futi 40 ni mawili. Lililojaa na lililo tupu ni sawasawa. Nasi tunaagiza kuliko tunavyouza. Nguo, vipuri na vigae hushuka. Chai, kahawa na parachichi hupanda meli lakini hazitoshi, na makontena mengi hurudi na hewa. Hewa hiyo ina gharama zake: mwenye mzigo huwawekea wenye meli amana, na akichelewa kurudisha sanduku tupu hutozwa kwa kila siku.

Idadi haisemi pia kontena lilipita wapi. Reli ya kisasa ilianza kubeba mizigo 2018. Mwaka uliofuata hesabu ya bandari ilipanda, na mwaka huohuo serikali ikaamuru mizigo ya bara ipande treni. Wenye magari, mautingo, wenye gereji na mama wa vibanda vya chakula kuanzia Changamwe hadi Mazeras wakaona riziki ikipita relini. Watu wakaandamana, Jumatatu baada ya Jumatatu. Novemba 2020 Mahakama Kuu ikasema amri ile ilikiuka katiba. Ukisoma takwimu peke yake, hutajua kama kulitokea lolote.

Tutaambiwa kwamba Rotterdam na Singapore huhesabu vivyo hivyo. Ni kweli, na tangu Malcom McLean apakie masanduku 58 Newark kwenda Houston mwaka 1956, biashara ya dunia imeishi kwa usawa huo wa masanduku. Basi na yahesabiwe. Tunachotaka ni matupu yatajwe kwenye hotuba, si jedwalini tu.

Waandishi wetu safari hii ni watu wanaoyashika makontena kwa mikono: wakala wa forodha, dereva, muuza duka anayekaa ndani ya chuma chenye joto la Februari. Anayetaka kununua kontena kuukuu aanze na makala ya fundi wa kuchomelea, hasa pale anapoeleza habari za sakafu, kwani mbao zake nyingi hutiwa dawa ya wadudu kiwandani.