Sola: Msamaha wa kodi pekee haumtoshi mkulima wa Mloka

Mkulima wa Mloka, wilayani Rufiji, anayelala dunguni kulinda mpunga dhidi ya nguruwe, viboko na tembo wanaotoka hifadhini, hahitaji kuelezwa faida ya taa ya sola. Nguzo za umeme hazitamfuata bondeni, mahali ambapo mto hufurika. Kwa taa na kuchaji simu, sola inalipa. Tatizo huanza inapouzwa kama umeme wa kila kazi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Paneli ya wati 100, jua likiwaka vizuri kwa saa tano, hutoa nusu uniti kwa siku. Mashine ya kusaga yenye mota ya kilowati 7.5 hula uniti 7.5 kwa saa. Maana yake paneli 15 zikusanye umeme kutwa nzima ili mahindi yasagwe saa moja tu, tena bila kuhesabu umeme unaopotea njiani. Muuza samaki mwenye friji naye, mawingu ya masika yakitanda siku tatu, ataozewa na mali huku paneli ikiwa nzima kabisa juu ya bati.

Mzigo mkubwa zaidi ni betri. Paneli huweza kudumu miaka 20 au zaidi, lakini betri ya risasi na asidi ikinyonywa kupita nusu kila usiku hufa mapema. Betri ya gari, ambayo wengi huikimbilia kwa kuwa inapatikana, haikutengenezwa kwa kazi hiyo kabisa. Muuzaji gani atalisema hilo wakati mteja ameshika fedha mkononi? Ikishakufa hutupwa ovyo, na risasi iliyomo ni sumu kwa visima na watoto.

Serikali haikukaa kimya. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2014 iliweka paneli, inveta na betri za sola katika orodha ya bidhaa zilizosamehewa kodi hiyo. Lakini msamaha humfaa kwanza mwenye fedha ya kununulia. Aliyeuza ufuta na kumaliza kulipa madeni haoni tofauti, na miaka mitatu baadaye betri ya pili ni juu yake mwenyewe.

Mwaka 2020 kampuni za umeme wa sola vijijini nazo zilitakiwa kuuza uniti moja kwa shilingi 100, kama ilivyo kwa wateja wadogo wa TANESCO. Wateja walifurahi, na ni haki yao. Ila kuzalisha uniti hiyo kijijini kunagharimu zaidi ya hapo, na pengo lisipofidiwa na ruzuku, mwekezaji hatapeleka mtambo kijiji kingine.

Juu ya mto kutoka Mloka liko Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, ambalo umeme wake husafirishwa kwa njia ya kilovolti 400 hadi Chalinze. Mashine za kusaga na mitambo ya barafu za Rufiji zinapaswa kutegemea gridi hiyo. Msaada wa sola uelekezwe kwingine: TBS ikague betri hadi maduka ya vijijini, VETA ifundishe mafundi wa huko huko, na mkulima akopeshwe pampu ya sola isiyotumia betri. Pampu hiyo huvuta maji jua likiwaka na kuyajaza kwenye tangi, na mkopo wake ulipwe baada ya mavuno, si kila mwezi.